Mkwaruzo wa spika za kompyuta

Mkwaruzo wa spika za kompyuta ni sauti isiyotakiwa inayotoka pamoja na wimbo, filamu au hotuba, au hata pale kompyuta inapokuwa haichezi kitu. Huja kama mkoromo mzito, mluzi mwembamba unaofuata mwendo wa mausi, au mipasuko ya hapa na pale. Spika ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi haina kosa.

Chukua mfano wa Nkome, kata ya Wilaya ya Geita iliyo ufukoni mwa Ziwa Victoria. Huko, kama ilivyo katika miji ya machimbo ya Mkoa wa Geita, tatizo hili hukutwa zaidi kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi, mabanda ya video na makanisa, ambako kompyuta hufungwa kwenye sabufa na kuachwa ikilia mchana kutwa.

Umeme

Umeme wa Tanzania ni wa voliti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na mizunguko hiyo ndiyo mama wa mkoromo. Sikio la fundi hutofautisha aina mbili. Mkoromo wa 50 aghalabu hutokana na ethi: kompyuta na sabufa zikichomekwa kwenye soketi mbili za mbalimbali, kila moja ikiwa na njia yake ya kwenda ardhini, mkondo mdogo hupita katikati yao kwa kutumia waya wa sauti. Dawa yake ni rahisi mno: vyote vichomekwe kwenye eksitensheni moja. Mkoromo wa 100 ni mkali zaidi, na husikika hata waya wa sauti ukiwa umechomolewa. Hapo kapasita kubwa za kuchuja umeme ndani ya sabufa zimekauka, au zimevimba vichwa. Hubadilishwa kwa nyingine za maikrofaradi zilezile na voliti zisizopungua za awali.

Soketi zinazotumika nchini ni za matundu matatu ya mtindo wa Uingereza, na pini ya ethi ndiyo inayofungua milango ya matundu mengine mawili. Chaja ya pini mbili haiingii mpaka tundu la ethi lisukumwe kwa kijiti au mfuniko wa kalamu, desturi iliyoenea na ya hatari. Kompyuta mpakato inayochajiwa hivyo haina ethi. Kasha lake likiwa la chuma hutekenya vidole, na sabufa hukoroma. Ikiwa mkoromo unakatika chaja inapochomolewa, chanzo kimejulikana. Wako wanaokata pini ya ethi ya kompyuta ya mezani ili kunyamazisha kelele. Kweli inaweza kunyamaza, ila siku waya wa moto utakapogusa kasha, kasha zima litabeba voliti 230.

Penye machimbo, mota ya karasha (mashine ya kusaga mawe) ikiwashwa kwenye laini ileile voliti hushuka ghafla na spika hutoa mshindo. Inveta za sola za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na transfoma ya sabufa huunguruma muda wote. Radi nazo, ambazo ni nyingi mno katika Ziwa Victoria, hupasua sauti. Mvua ikikaribia ni heri kuchomoa kila kitu.

Kutafuta chanzo

Jeki huchomolewa kwanza upande wa kompyuta. Kelele ikiendelea, ubovu uko kwenye sabufa au waya. Ikikoma, uko kwenye kompyuta au ethi. Kisha voliyumu ya sabufa huzungushwa. Kelele inayopanda na kushuka nayo inaingia kabla ya voliyumu, na isiyobadilika inazaliwa baada yake, kwenye amplifaya. Voliyumu inayokwaruza pale tu inapozungushwa ina vumbi. Hupulizwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme na kuzungushwa mara kadhaa. Jeki ya milimita 3.5 iliyofifia husuguliwa kwa kitambaa chenye spiriti.

Mluzi unaofuata mausi hutoka kwenye bodi ya kompyuta yenyewe. Kadi ndogo ya sauti ya USB huumaliza mara nyingi.

Simu

Mlio wa "tititi" kabla ya simu kuita husababishwa na mtandao wa 2G, ambamo simu hurusha mawimbi yake kwa vipande vipatavyo 217 kila sekunde. Simu isogezwe.

Programu

Drayva mbovu hukatakata sauti.

Siku hizi

Spika za Bluetooth zinazotumia betri zimepunguza tatizo, kwa kuwa hazina waya wa sauti. Kompyuta za Windows 7 zenye sabufa bado zinapatikana kwenye mabanda ya video.