Stelingi Hafi: Historia ya Kuhadithiana Picha

Katika mtaa wa Ilala nilikokulia, jijini Dar es Salaam, mtu mmoja alikata tiketi ya sinema na picha ikatazamwa na watu kumi. Yeye aliiona usiku kwa macho. Sisi tuliiona asubuhi yake kwa masikio, uani au barazani, kabla hajamaliza kupiga mswaki. "Enhe, picha ilikuwaje?" Hilo ndilo lililokuwa swali, na aliyeulizwa hakuruhusiwa kulijibu kwa neno moja. Akisema "nzuri" tu, aliambiwa kwamba alilala humo ndani na pesa yake imekwenda bure.

Wapenzi wa lugha, tumezoea kuandika habari za malenga na waandishi wa riwaya. Leo naomba ruhusa niandike habari za watu ambao hatukuwahi kuwapa hata jina: wahadithiaji wa picha. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba uhakiki huanzia darasani, penye ubao na chaki. Sasa siamini hivyo, na katika kufika hapa lipo kosa moja nililolitenda mwenyewe, ambalo nitalieleza mahali pake.

Nianze na maneno. Sisi hatukusema "filamu". Hilo lilikuwa neno la magazetini. Tulisema picha, na mahali pa kuitazamia palikuwa sinema. Mhusika mkuu aliitwa stelingi, jina lililochumwa kwenye mabango, ambako neno la Kiingereza lenye sauti kama hiyo liliandikwa mbele ya majina ya wachezaji wakubwa. Watu waliliona neno, wakaona na jina la mtu limefuata, wakaamua kwamba hicho ndicho cheo chake. Mpinzani wake alikuwa adui, hata kama hapakuwa na vita. Na kutoka katika majumba hayo ilitoka misemo ambayo bado tunaitumia bila kukumbuka asili yake. Mtu anayezusha vitimbi mbele za watu huambiwa asilete sinema. Mambo yenye vilio vingi na sadfa zisizosadikika huitwa picha la Kihindi.

Juu ya maneno hayo yote ilikuwepo kanuni moja, iliyojulikana hata na mtoto ambaye hajawahi kuvuka mlango wa sinema: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungiwa ndani ya nyumba inayoungua, lakini atarudi. Nitairudia kanuni hiyo, maana juu yake ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza watu wa kawaida wakijadili nadharia ya fasihi bila kujua kwamba ndivyo inavyoitwa.

Majumba yenyewe yalikuwa na umri mkubwa kuliko sisi. Huko Unguja, jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, likiwa limesanifiwa na J. H. Sinclair, yule yule aliyesanifu majengo mengi ya serikali ya kikoloni mjini humo. Liliungua moto katika miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa Majestic. Dar es Salaam tulikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon na Cameo. Mwaka 1966 ikafunguliwa sinema ya wenye magari, ambako mtu alitazama picha akiwa amekaa ndani ya gari lake. Sisi wa Ilala habari zake tulizipata kwa njia yetu ile ile ya masikio.

Serikali ya kikoloni nayo ilitaka kujua Waafrika wanaonaje picha. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi uliofanya makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ukiongozwa uwanjani na Meja L. A. Notcutt. Mradi huo ulitengeneza picha fupi za mafunzo, juu ya kilimo, afya na kuweka akiba, kisha ukazipeleka kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Walioubuni waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha nyepesi, iendayo polepole, iliyotengenezwa kwa ajili yake. Nikiifikiria imani hiyo humkumbuka shangazi yangu.

Shangazi hakujua kusoma. Kihindi alijua maneno matatu au manne ya dukani. Lakini picha alizozipenda zilitoka Bombay, kama zilivyopendwa na watu wengi wa pwani: Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, na zaidi ya hiyo, Mother India ya mwaka 1957. Hii ya pili aliitazama mara tatu. Humo mama mmoja, Radha, anayechezwa na Nargis, analea watoto wake kwa shida chini ya mzigo wa deni la mkopeshaji. Mmoja wa wanawe, Birju, anageuka jambazi, na mwishoni anamteka binti wa mkopeshaji huyo siku ya harusi yake. Mama anashika bunduki na kumuua mwanawe mwenyewe.

Shangazi alipoihadithia hakuanza mwanzo. Alianza na swali: "Haya niambieni, mzazi ana haki ya kumuua aliyemzaa?" Ndipo akarudi nyuma na kuipanga hadithi yote ili swali lile lizidi kuwa zito. Majirani waligawanyika. Wako waliosema heshima ya binti wa kijiji ni heshima ya kila mama, na Radha alifanya lililompasa. Wako waliosema titi la mama li tamu hata likiwa la mbwa, na aliyenyonyesha hapigi risasi. Mjadala ule ulidumu siku nyingi. Watu walikutana kisimani na kuuanzia pale ulipokomea jana. Kwa kuwa hakuna aliyeelewa maneno yaliyosemwa na wachezaji, kila mmoja alilazimika kutoa ushahidi wa jambo aliloliona au aliloambiwa: uso ulivyokuwa, mkono ulivyotetemeka, wimbo ulivyoingia na wakati gani. Miaka mingi baadaye, nikiwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, mkufunzi aliandika ubaoni maneno "dhamira" na "mgogoro". Niliyanakili daftarini kama mambo mapya kabisa.

Washairi watanisamehe nikigusa hapa jambo linalowahusu zaidi. Nyimbo za picha hizo hazikubaki ndani ya sinema. Watunzi wa taarab, Unguja na Mombasa, walizichukua tuni zake wakazitungia mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa mtindo huo. Mtunzi aliyezoea mizani nane kwa nane alijikuta anafuata tuni iliyopimwa kwa lugha nyingine, na kina kikalazimika kuangukia mahali ambapo sauti inavutwa. Wako waliouita mtindo huo wizi. Mimi nauona kuwa ni namna nyingine ya kutoa maoni: mtu ametoka sinema, ameipenda picha, na badala ya kusema "nendeni mkaitazame" ameurudisha wimbo wake ukiwa na maneno yetu.

Sasa nirudi kwenye kanuni. Mwaka 1975 ilitolewa Sholay, na ilipotufikia sisi nilikuwa kijana wa kutosha kukata tiketi kwa pesa yangu. Humo wamo marafiki wawili, Jai na Veeru, wanaopambana na jambazi Gabbar Singh. Jai, anayechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa. Tulitoka nje ya jumba kimya, na ubishi ukaanzia kituo cha basi. Kundi moja lilisema kwamba kwa kuwa stelingi hafi, basi Amitabh hakuwa stelingi. Stelingi ni Dharmendra, aliyebaki hai. Kundi la pili lilisema kwamba stelingi ni yule ambaye moyo wa mtazamaji unamfuata, awe hai au maiti. Akatokea mtu wa tatu, fundi baiskeli, akakumbusha picha ya Bruce Lee ambayo mwishoni anaruka kuwakabili wenye bunduki, taswira inagandia hewani na milio inasikika. "Yule amekufa au hajafa?" aliuliza. "Hajaanguka. Mimi nasema aliyetengeneza ile picha ameogopa kuivunja kanuni, na ameogopa kusema uongo." Nimesoma vitabu vingi vya uhakiki tangu siku ile, na sentensi hiyo bado ninaiheshimu.

Nilipomaliza ualimu nilipangiwa shule ya bweni mbali na pwani, mahali pasipo sinema kwa safari ya siku nzima. Huko nilikuta jambo nililopaswa kulitambua mara moja. Kila likizo ilipokwisha, wanafunzi waliotoka Dar es Salaam, Tanga na Mwanza walirudi na picha vichwani. Usiku, baada ya taa kuzimwa, zilihadithiwa bwenini. Hapa desturi ilibadilika kidogo. Kwetu Ilala mhadithiaji mwenye adabu hakuutoa mwisho kwa mtu aliyekuwa na nia ya kwenda, alisema, "Nenda kajionee." Lakini pale bwenini hakuna ambaye angekwenda, kwa hiyo kuuficha mwisho kulikuwa dhuluma. Masimulizi yenyewe ndiyo yaliyokuwa picha.

Usiku mmoja wa zamu yangu nilimkuta kijana wa kidato cha tatu akihadithia. Vitanda vyote vilikuwa kimya. Nilisimama dirishani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nami nilitaka kujua kilichofuata. Alikuwa akiwauliza wenzake kwa nini adui alipewa mtoto mgonjwa, kama picha ilitaka tumchukie tu. Kisha nikakumbuka cheo changu. Niliingia, nikawasha taa, na asubuhi yake akachapwa fimbo nne na kulima eneo nyuma ya jiko. Katika ripoti ya muhula nikaandika: "Ana porojo nyingi, apunguze." Mwezi ule ule nilikuwa nikilalamika ofisini kwamba wanafunzi wangu wanakariri majibu ya riwaya na hawana mawazo yao wenyewe. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Aliondoka shuleni akiwa na daraja la chini katika somo langu, na sijaonana naye tena.

Nje ya shule fani iliendelea bila kuomba ruhusa yetu. Zilikuja deki na kanda za video katika miaka ya 1980, na mabanda ya video yakaenea mitaani, yale ambayo vijana waliyaita vibanda umiza kwa namna watu walivyobanana. Televisheni, iliyoanza Zanzibar mwaka 1973, Bara tuliisubiri hadi 1994. Katika mabanda hayo mhadithiaji alitoka barazani akaenda kusimama kando ya kioo. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, aliwaeleza watazamaji picha za kigeni kwa Kiswahili zikiwa zinaendelea, huku akichanganya tafsiri, ufafanuzi na utani wake mwenyewe. Kenya, DJ Afro alijipatia jina kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Wenzangu walimu waliwalaumu kwa kuharibu picha na lugha. Lakini alichokifanya Lufufu ni kile kile alichokifanya shangazi: kuitia picha ya mbali katika Kiswahili na kutuambia tuionaje.

Majumba mengi yamefungwa. Mengine ni maduka, mengine maghala, mengine nyumba za ibada. Vijana wanatazama picha kwenye simu, kila mmoja na waya zake masikioni, nami kwa muda mrefu nilisema kama wasemavyo wazee wote, kwamba kuhadithiana kumekwisha.

Majuzi mjukuu wangu, aliye kidato cha tano, aliniketisha tukatazama Vuta N'kuvute, picha ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wasomaji wangu wengi wanaijua. Ni Unguja ya miaka ya 1950: Yasmini aliyemkimbia mume mzee aliyeozwa, na Denge anayepinga ukoloni. Naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa anayependa kuona vichochoro na nuru ya Mji Mkongwe, ingawa atakayeingia akiitarajia riwaya nzima atatoka na kiu. Ilipokwisha nilikuwa tayari kumweleza mjukuu wangu tofauti za fani baina ya kitabu na picha. Akaniwahi.

"Babu, kitabuni watu wanasema sana. Hapa wananyamaza. Mimi nadhani mtengenezaji anataka tujue kwamba wakati ule kusema kulikuwa hatari."

Nilikuwa na la kupinga, maana Denge wa kitabuni anasema hata panapokuwa na hatari. Lakini nilikumbuka taa niliyoiwasha bwenini. Nikamwambia, "Enhe, endelea."

Aliendelea hadi karibu na saa sita ya usiku. Kesho yake nilimkuta anawahadithia wenzake kwa simu, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, na mmoja wao anambishia. Nimeanza kuandika daftarini maneno wanayoyatumia. Nawaomba nanyi mliokulia Tanga, Lamu, Ujiji au Bukoba myaandike ya kwenu: stelingi wenu mlimwita nani, adui mlimwita nani, na je, kwenu stelingi aliruhusiwa kufa?