Chatu mchanga au chatu wa mchanga?

Desemba iliyopita nilikuwa Kileo, kwa baba mdogo. Kama hujawahi kufika, Kileo ipo tambarare, chini ya Milima ya Upare, upande wa barabara inayotoka Moshi kwenda Mwanga na Same. Ukiinua macho unaona kijani na mawingu yamekaa juu ya milima. Ukiyashusha unaona migunga, vumbi na jua.

Asubuhi moja tulikuwa tunapalilia mahindi. Baba mdogo akageuza bonge la udongo, akatoka nyoka mfupi, mnene karibu kama mpini wa jembe lenyewe, rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia. "Kifutu!" Jembe likashuka mara mbili, kazi imekwisha. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko kidato cha pili, akamgeuza yule nyoka kwa kijiti, akamtazama weee, halafu akaniambia, "Dada, mbona huyu ni kama yule wa YouTube? Yule anayefugwa na wazungu?"

Alikuwa sahihi. Hakuwa kifutu. Alikuwa nyoka asiye na sumu kabisa, anayeitwa kitaalamu Eryx colubrinus, na kwa miaka mingi amekuwa miongoni mwa nyoka wanaopendekezwa zaidi Ulaya na Marekani kwa mtu anayeanza kufuga. Jioni yake mdogo wangu akaja na swali: kama mtu anataka nyoka wa kufuga nyumbani, asiyekua mkubwa, achague yupi? Siku ile nilimjibu juujuu. Jibu refu ni hili, na wewe msomaji unakaribishwa kulisikiliza.

Tuanze na jina, maana hapa Kiswahili chenyewe kinatuwekea mtego. Eryx hana jina moja la Kiswahili linalojulikana na wote, kwa hiyo nitamwita chatu wa mchanga. Sasa angalia: toa hiyo "wa" moja tu, unapata chatu mchanga, yaani mtoto wa chatu. Kwenye maandishi ni herufi mbili. Kwenye sanduku la kioo sebuleni ni maisha mawili tofauti.

Mtoto wa chatu wetu mkubwa akitoka kwenye yai ana sentimita 50 hadi 60 hivi. Chatu wa mchanga dume, mtu mzima kabisa na baba wa familia, ana kama sentimita 40 tu, yaani pungufu kidogo ya dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Jike huwa mkubwa zaidi, dhiraa moja na nusu hivi, na wachache husogelea sentimita 90. Wala yeye si chatu hasa. Wataalamu humweka kwenye ukoo wa maboa, na tofauti moja ya wazi ni kwamba chatu hutaga mayai ilhali yeye huzaa watoto hai. Kwa hiyo ukiwaweka wawili hawa mezani siku ya kwanza, chatu mchanga na chatu wa mchanga, mdogo anaonekana ndiye mkubwa, na anayeonekana kuwa sawa na mwenzake miaka michache baadaye ana mita nne au tano. Kwa vipimo vya wazee ni pima mbili na zaidi.

Historia ya kufuga nyoka katika karne iliyopita, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu waliotazama urefu wa siku ya kununua.

Lakini kabla ya masanduku ya kioo, nyoka walishafugwa hapahapa. Kule Usukumani kuna chama cha ngoma cha Wayeye, ambao nyoka ni ujuzi wao: kuwakamata, kuwatunza, kucheza nao mbele ya watu, na kujua dawa za kuumwa. Ukifika Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, utakutana na habari zao. Mchezaji wa Kiyeye anayejizungushia chatu mkubwa hakuuliza kama anatosha kwenye sanduku. Alikuwa na chama kizima nyuma yake, walimu na wanafunzi, na kijiji kilichojua nyoka yule ni wa nani. Ukubwa haukuwa tatizo la mtu mmoja.

Halafu kulikuwa na watu wa peke yao. Maarufu kuliko wote ni C.J.P. Ionides, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1901 katika familia yenye asili ya Ugiriki, akaja Tanganyika kama askari, akawa ofisa wa wanyamapori, kisha akatumia miaka yake ya mwisho kusini, Newala, akikamata nyoka na kuwapeleka kwenye bustani za wanyama na maabara zinazotengeneza dawa ya sumu. Watu walimwita Bwana Nyoka. Mamba wa kijani, yule nyoka, alikuwa kwake kama kuku kwa jirani yako. Sisemi umuige. Namtaja kwa sababu kwenye picha ya watu wengi mfugaji wa nyoka ni mtu wa namna hiyo: mwanamume wa ajabu, mwenye nyoka wa kuua. Aliyeingia kwenye nyumba za kawaida ni nyoka wa aina nyingine kabisa.

Chatu wa mchanga alipewa jina la kisayansi mapema sana. Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga viumbe kwa majina mawilimawili, alimwandika mwaka 1758 akisema anatoka Misri. Huku kwetu alikuja kufahamika vizuri baadaye, na hapo anaingia Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi ya makumbusho. Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta, akaenda vitani, na vita haikumzuia kuokota mijusi na nyoka njiani. Baadaye alifanya kazi ya wanyamapori Tanganyika, na mwaka 1924 akahamia Chuo Kikuu cha Harvard, akawa anarudi Afrika kwa safari za ukusanyaji. Mbinu yake ilikuwa ya kawaida kwa wakati ule: wenyeji walileta wanyama, wakalipwa kwa kila mnyama. Yaani kitaalamu wetu wa kwanza wa kutambua nyoka walikuwa vijana wa vijijini, na vitabu vikaandikwa Harvard. Mwaka 1932 mwanasayansi wa kike wa Marekani, Olive Griffith Stull, aliwatenga chatu wa mchanga wa Afrika Mashariki kama kundi dogo lenye jina lake, akaliita loveridgei. Siku hizi wataalamu wengi hawaligawi tena, ila wauzaji bado wanalipenda jina hilo. Linasikika vizuri kwenye tangazo.

Kwenye maduka hayo nyoka huyu anaitwa wa Kenya. Ndiyo, Kenya. Watanzania tumeshazoea, hata Mlima Kilimanjaro tumewahi kuugombea. Ukweli ni kwamba anaishi kuanzia Niger na Misri, akapitia Sudan, Ethiopia, Somalia na Kenya, hadi nyanda kavu za kaskazini mwa Tanzania, na mpaka wa Holili hajawahi kuusikia.

Kwa nini yeye? Fikiria nyumba ya ghorofa kule Ulaya. Hana kelele, hahitaji kutembezwa. Sanduku la urefu wa mita moja linamtosha. Unaweka maranda au mchanga wa kina cha sentimita chache ajifukie, upande mmoja joto la nyuzi 32 hivi, upande wa pili nyuzi 25, bakuli la maji, na panya mdogo kila wiki moja au mbili. Macho na pua vikichungulia mchangani, amepumzika. Anaweza kuishi miaka 20 na zaidi, jambo ambalo mnunuzi wa miaka 12 huwa halifikirii: nyoka atamkuta chuoni na pengine kwenye ndoa. Dume anaweza kugoma kula kwa wiki kadhaa bila kuumwa, akampa mwenyewe presha ya bure. Na akiwa na njaa anauma, hana sumu lakini anauma, kwa mruko wa pembeni usioutarajia. Kwa wanaouza hizo zote ni sifa au kasoro ndogondogo. Kwa urefu, ambao ndio swali la mdogo wangu, hana mpinzani.

Wale waliokosea "wa" ndio waliotupa sura nyingine ya historia hii. Kule Florida, chatu wa Burma walionunuliwa wakiwa wadogo walitoroka au walitupwa porini, na kufikia mwaka 2000 ilikuwa wazi kuwa wanazaliana kwenye kinamasi cha Everglades. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ikapiga marufuku kuingiza aina nne za nyoka wakubwa. Mbili kati ya hizo nne ni chatu wetu wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini. Mwaka uliofuata, Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Canada, chatu wa Afrika alitoka kwenye tundu lake usiku, akaua watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka sita na mwingine wa minne, waliokuwa wamelala. Nyoka huyo naye aliwahi kuwa na sentimita 50.

Basi tuseme jibu ni rahisi, chukua mdogo? Hapa ndipo nilipokwama siku ile Kileo. Udogo ni salama kwa mfugaji. Kwa mnyama, udogo una hatari yake, kwa sababu mnyama mdogo anasafirishika. Nenda Msitu wa Kimboza, Morogoro, nyumbani kwa mjusi wa bluu anayeng'aa ambaye ni mdogo kuliko kidole chako. Watafiti walikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji lilitoa zaidi ya mijusi 30,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, wengine wakikata kabisa mikadi wanamoishi ili kuwafikia. Msitu wenyewe ni wa kilometa za mraba nne hivi. Hakuna mtu angeweza kupakia chatu 30,000 bila nchi nzima kujua.

Chatu wa mchanga alikuwa na bahati kidogo. Familia yake yote iliingizwa mwaka 1977 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, kwa hiyo kuvuka mpaka kunahitaji kibali. Tanzania, iliyojiunga mwaka 1979, iliendelea kuuza nje wanyama hai kwa vibali, vinyonga, kobe, mijusi, na yeye pia, hadi serikali ilipoisimamisha biashara hiyo mwaka 2016. Kubwa zaidi ni kwamba anazaa kirahisi akifugwa, watoto kumi hivi kwa mara moja, na wengi wanaouzwa leo Ulaya na Marekani wamezaliwa humohumo kwenye masanduku, wengine weupe kama karatasi, rangi ambayo mchangani Kileo isingemfikisha hata wiki ya pili.

Na hapa nyumbani? Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini ni mali ya umma, ameshikiliwa na Rais kwa niaba ya wananchi. Ukimchimbua shambani kwako ukamweka kwenye ndoo chini ya kitanda bila kibali, umekutwa na nyara za serikali, awe na dhiraa moja au pima tatu. Mwenye hamu ya kumwona akiwa hai aende Meserani, nje kidogo ya Arusha, kwenye bustani ya nyoka ambayo pia ina zahanati ya kutibu walioumwa. Kwa hiyo, jibu langu kwa mdogo wangu ni kwamba nyoka wa kumfaa yupo, anaishi umbali wa hatua mia kutoka jikoni kwao, na si wake kumchukua.

Hakufurahi. Mimi pia, kwa kweli, nisingefurahi nikiwa kidato cha pili: mtoto wa Chicago anaruhusiwa kumshika, mtoto wa Kileo anaruhusiwa kumwona akikatwa kwa jembe. Kuna kitu hapo hakikai sawa, na sheria za kulinda wanyama, ambazo naziunga mkono, hazijakigusa.

Baba mdogo yeye alikuwa na swali lake. Nitamjuaje? Nikamwonyesha kwenye simu. Kifutu ana kichwa kipana na shingo inayoonekana, mgongoni ana alama kama V zimefuatana, na akikasirika anapuliza kwa nguvu. Chatu wa mchanga hana shingo, kichwa kimeungana na mwili kama kidole gumba, mabaka yake hayana mpangilio. Wote wawili wafupi, wanene, wenye mkia mdogo. Ukiwa na wasiwasi rudi nyuma, usiguse, maana kifutu hakupi nafasi ya pili.

Akaitazama picha, akaikuza kwa vidole viwili. "Na huyu anakula nini?"

"Panya."

Akageuka kutazama upande wa ghala, kimya, kisha akamwambia mwanawe akamzike yule nyoka mbali na kuku.