Kufutwa kwa Haki ya Njia Isiyotumika

Haki ya njia ya huduma ni ruhusa ya kupitisha bomba la maji, mfereji wa majitaka au nyaya za umeme katika ardhi ya mtu mwingine. Ardhi hubaki mali ya mwenyewe, ila hawezi kuitumia apendavyo. Nchini Kenya, kifungu cha 143 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataja serikali ya kitaifa, kaunti na mashirika ya umma kati ya wanaoweza kupewa njia hiyo. Kifungu cha 148 kinahusu fidia.

Uzito wake huonekana shamba likishakuwa ploti. Huko Kapsoit, kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu, majani chai hustawi hata chini ya nyaya, kwa hiyo mkulima aweza kukaa miaka bila kuhisi kizuizi. Lakini chukua ploti ya hamsini kwa mia: ukanda wa futi kumi ukipita kwenye ule upande wa futi mia, sehemu moja kati ya tano ya ploti haijengwi. Laini kubwa ni balaa zaidi, kwani ile ya kilovolti 132 hudai upana wa mita 30.

Sasa tuseme bomba lililopangwa halikulazwa kamwe. Wengi hudhani haki imekufa yenyewe. Haijafa. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Benn na Hardinge ya 1992, ilikataa kuhesabu kuwa njia imetelekezwa ingawa haikutumika kwa takriban miaka 175. Nchini Marekani, halmashauri za miji hupitisha azimio la kuiachia njia, baada ya kampuni za maji, umeme na simu kuulizwa kama bado zinaihitaji. Utaratibu huo una busara, na mwenye ploti wa Kapsoit anaweza kuufuata hata pale ambapo ofisi haimwambii.

Kwanza apekue rejista katika ofisi ya ardhi ya Kericho, hasa sehemu ya tatu, inayoorodhesha vizuizi. Rejista ikiwa safi, bado atazame udongo: kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinalinda mabomba na nyaya zilizowekwa kwa mujibu wa sheria hata kama hazikuandikishwa.

Kisha aulize njia ni ya nani, na hapa ndipo watu hupotea. Mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa yalikoma mwaka 2013, na huduma za maji na majitaka zikawa kazi ya kaunti. Kwa hiyo hati inayotaja baraza la kaunti lisilokuwepo tena humpeleka mtu kwenye serikali ya Kaunti ya Kericho, na pengine kwa kampuni yake ya maji. Nyaya ni za kampuni za umeme, Kenya Power au KETRACO, na kaunti haiwezi kuachia kisicho chake. Vivyo hivyo hifadhi ya barabara kuu: hiyo iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, wala si njia ya huduma hata kidogo, na anayeahidiwa kipande chake kwa barua ya afisa wa kaunti anadanganywa.

Mwenye haki akikubali, hutia sahihi hati ya kuiachia, nayo hupelekwa kwa msajili afute maandishi. Akikataa, au asijibu, mwenye ardhi anaweza kujaribu kuthibitisha kwamba njia ilitelekezwa, au aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kutotumika peke yake ni ushahidi dhaifu. Ramani mpya inayopitisha bomba kwingine ina nguvu zaidi. Na kama fidia ililipwa zamani, suala la kuirejesha lizungumzwe kabla ya sahihi.

Barua ya kaunti pekee, hata ikiwa na mhuri, haibadilishi rejista. Usianze kuchimba msingi kabla ya kufanya upekuzi mpya unaoonyesha kizuizi kimeondolewa.