Vipimo vya Picha Katika Kubaini Magonjwa ya Moyo ya Kuzaliwa Nayo na Yaliyo Adimu

Magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo ni hitilafu za kimaumbile katika moyo au mishipa mikubwa ya damu, zinazotokea mtoto akiwa tumboni mwa mama. Moyo huundwa katika wiki nane za mwanzo za ujauzito, mara nyingi kabla mama hajaanza kuhudhuria kliniki. Duniani, takribani mtoto 1 kati ya 100 wanaozaliwa hai huwa na hitilafu ya aina hiyo.

Daktari anaposikiliza kifua cha mtoto anaweza kusikia sauti isiyo ya kawaida, lakini sauti pekee haimwoneshi kwa uhakika ukubwa wa tundu wala njia inayopitiwa na damu. Kazi hiyo hufanywa na vipimo vya picha.

Kipimo cha ECHO

Kipimo kinachotangulia ni ekokadiografia, maarufu hospitalini kwa jina la ECHO. Hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu, hivyo hakina mionzi wala maumivu. Kilianza mwaka 1953 mjini Lund, Sweden, kwa kazi ya daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz.

Kupitia ECHO, mtaalamu huona vyumba vinne vya moyo, kuta na valvu zake, huku teknolojia ya Doppler ikionesha kwa rangi mwelekeo na kasi ya damu. Hapo hubainika tundu kati ya vyumba, au Tetralojia ya Fallot, ugonjwa wenye hitilafu nne kwa pamoja ambao huweza kumfanya mtoto awe na rangi ya bluu midomoni na kwenye kucha. Kipimo hiki hufanyika pia kwa mtoto aliye tumboni, kwa kawaida kati ya wiki ya 18 na 22 ya ujauzito, ili familia ipange kujifungulia karibu na wataalamu.

CT-Scan, MRI na Cathlab

Mawimbi ya sauti hayapenyi vizuri mapafu na mifupa. Panapohitajika picha ya mishipa iliyo nje ya moyo, CT-Scan huitoa kwa sekunde chache; kwa kuwa hutumia mionzi, kiwango chake hupunguzwa kwa watoto. MRI hutumia sumaku, haina mionzi, na huonesha makovu ndani ya misuli ya moyo, ingawa huchukua muda mrefu na mtoto mdogo huweza kuhitaji dawa ya usingizi.

Katika mtambo wa Cathlab, mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo ili kupima shinikizo la damu. Baadhi ya matundu huzibwa papo hapo bila kufungua kifua. Nchini Tanzania, huduma hizo za kibingwa hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Magonjwa adimu

Picha hutofautisha pia magonjwa yanayofanana kwa dalili. Mfano ni ugonjwa wa kovu katika utando wa ndani ya moyo, ulioelezwa na Davies nchini Uganda mwaka 1948. Mgonjwa huvimba tumbo na huweza kudhaniwa ana ugonjwa wa ini, lakini ECHO huonesha ncha ya chumba cha moyo ikiwa imezibwa na kovu.

Umuhimu wa kuwahi

Tundu kubwa lisipogunduliwa mapema, damu huenda kwa wingi kwenye mapafu na kuharibu mishipa yake taratibu. Shinikizo la mapafu likizidi lile la mwili, damu hubadili mwelekeo na tundu haliwezi tena kuzibwa kwa usalama. Mtoto ambaye angepona kwa upasuaji mmoja hubaki akitegemea dawa.

Wazazi wanashauriwa kumfikisha mtoto katika kituo cha afya mapema wanapoona anachoka au kutokwa jasho jingi anaponyonya, haongezeki uzito, anapata nimonia mara kwa mara au anapumua kwa shida. Mtoto anayebadilika kuwa wa bluu apelekwe hospitali bila kuchelewa.