Kunguru: Mgeni Aliyealikwa Unguja Akafika Bustani za Morogoro



Sisi tunaoshona nguo za maharusi hapa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, huulizwa mengi yasiyo ya cherehani. Bibi harusi akishapata nyumba yake hupanda asmini na mrehani uani, hufuga kuku wawili watatu, na haupiti muda anakuja na malalamiko: kunguru wamemaliza vifaranga. Awaue, au awaache kwa kuwa ni viumbe vya Allah? Tukitaka kumjibu vizuri tuanzie kwenye historia, na historia yenyewe inaanzia visiwani kwenu.

Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake ni Bara Hindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Sir Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliagiza waletwe ili wale taka za mji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, akalima hadi visivyokuwa vyake: matunda, mayai ya ndege wengine, makinda na vifaranga vya watu. Ilipofika 1917 alikwisha kutangazwa kuwa mharibifu, na aliyeleta mayai au makinda yake alipewa zawadi.

Zawadi haikumzuia. Alienea pwani ya bara, akafuata miji na barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi, naye amefika, na Dodoma pia amefika. Miaka ya 1990 Unguja walimpunguza sana, lakini kampeni ilipokwisha akaongezeka tena. Dar es Salaam nako kampeni ya mitego na sumu iliyoanza mwaka 2010 iliua kunguru wengi mno, na bado wapo. Waliuawa ndege, jalala likabaki wazi. Kilichomleta hakikuondolewa.

Huku kwetu hasara si ya vifaranga peke yake. Uluguru ina chozi ambaye hapatikani popote duniani ila katika milima hii, na msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Kunguru huyu hupenda kukaa karibu na watu na taka zao kuliko msituni. Lakini chozi wa mjini, wale wadogo wanaonyonya maua yetu, viota vyao haviko salama. Ukipanda maua kuwaita chozi huku ndoo ya taka iko wazi, umemwita mgeni pamoja na mwizi wake.

Dini yetu haikutuacha gizani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anachokula ndege katika mmea wa Muislamu huandikwa sadaka. Na katika Hadithi aliyoisimulia Bi Aisha (R.A.), kunguru ametajwa miongoni mwa wanyama watano wanaoruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Mafunzo haya mawili hayapingani. Bustani iwe na ukarimu, na mwenye madhara azuiwe. Lakini ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa, wala ya kumwaga sumu uani ambako paka na mtoto wanapita.

Kwa hiyo, bibi harusi, anza na jikoni. Funika taka. Fungia vifaranga kwenye tenga mpaka wakue. Kunguru akianza kujenga kiota mtini kwako, kiondoe kabla hajataga. Na siku ya walima yako, wape kazi watu wawili wa kuaminika: chakula kizima kilichobaki kiende kwa majirani na wenye shida, na makombo yafukiwe. Pilau inayomwagwa nyuma ya nyumba ni israfu, na ndiyo inayowalisha kunguru wa mtaa mzima.

Portal alitaka ndege afanye usafi ambao ni kazi ya watu. Kazi hiyo bado inatungoja sisi wenye nyumba.

Allah azitie baraka nyumba zenu na bustani zenu, na atujaalie kuwa walinzi wema wa viumbe vyake. Aamin.