"Kichomi" na Ugomvi wa Jina la Shairi

Mwaka 1974 kampuni ya Heinemann ilitoa mjini Nairobi diwani iliyoitwa Kichomi. Mtungaji wake, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikwisha kujulikana kwa riwaya yake ya Rosa Mistika ya mwaka 1971. Kichomi, kama tujuavyo, ni maumivu makali ya ubavuni. Na diwani ilipotoka, washairi wengi waliona kuwa ubavu uliochomwa ni wao. Humo mlikuwa na tungo nyingi zisizofuata vina wala mizani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ugomvi uliofuata ulikuwa wa neno kabla ya kuwa wa mashairi yenyewe, na kwamba deni la ugomvi huo bado limo mikononi mwa walimu.

Kwanza hatuna budi kuwatendea haki waliopinga. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Yeye aliuona ushairi kuwa ni wimbo. Lisiloimbika, kwake, halikuwa shairi. Rai hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Kwa miaka mingi washairi walikuwa wakijibizana magazetini, katika Mambo Leo na baadaye katika Uhuru, kwa kanuni zilizojulikana na wote. Vina na mizani ndivyo vilivyomwezesha msomaji kulihifadhi shairi kichwani na kulighani mbele ya wenzake. Aliyeziacha kanuni hizo alionekana ameuacha mkutano mzima, tena kwa kufuata mtindo uliosomwa Chuo Kikuu katika vitabu vya Kiingereza.

Waliotetea nao walikuwa na hoja nzito. Kezilahabi alitaka ushairi uikaribie lugha ya mazungumzo ya watu. Mwaka 1976 Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi walitoa diwani ya Malenga wa Bara. Jina hilo lilikuwa hoja tosha, kwani miaka mitano nyuma Ahmad Nassir wa Mombasa alikuwa ametoa Malenga wa Mvita. Neno malenga, lililozoeleka kwa bingwa wa pwani, sasa lilidaiwa na bara pia. Katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, Mulokozi na Kahigi waliueleza ushairi kwa mpangilio wa maneno, mapigo na picha. Vina na mizani vikawa pambo liwezalo kuwapo au kukosekana.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri mahali kama Old Korogwe. Hapo, kando ya Mto Pangani, Kizigua, Kisambaa na Kibondei hukutana. Na mashamba ya mkonge yalileta wafanyakazi kutoka pembe nyingi za nchi, nao wakaelewana kwa Kiswahili. Pwani ya Tanga, nyumbani kwa Shaaban Robert, nayo haiko mbali. Mwanafunzi wa hapo amerithi tungo za magazeti zenye kina cha kati na cha mwisho. Amerithi pia nyimbo za ngoma za wazee wake wa Korogwe na Handeni, ambazo hushikwa na mapigo ya ngoma na kiitikio, si kwa kuhesabu silabi. Ikiwa shairi ni vina na mizani tu, urithi wake wa kwanza ni ushairi na wa pili si kitu. Ikiwa fasili ni pana, yote miwili ni mali yake. Basi fasili moja ya kamusi yaweza kumpa mtoto alama au kumnyima.

Sasa tuyatazame majina. Tungo za namna ya Kichomi zimeitwa guni, masivina, mashairi huru, na mashairi ya kisasa. Guni ni istilahi ya wanaarudhi kwa shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Hilo ni hukumu. Masivina hutaja kisichokuwapo, kama mtu amwitaye jirani yake kwa jina la asiyekuwa na ng'ombe. Huru hutaja kifungo kilichoachwa, bila kusema kinachoshika utungo usianguke. Kisasa hutaja wakati. Na wakati haungoji. Kezilahabi alitoa Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008. Alifariki Januari 2020. Kichomi imepita nusu karne, na bado vitabu vya shule huiweka upande wa kisasa. Jina la Old Korogwe latukumbusha jambo hilohilo kwa kinyume: watu huzaliwa na kujenga hapo kila siku, lakini mtaa umebaki kuitwa wa kale kwa kuwa ipo Korogwe nyingine. Jina la wakati halielezi kitu. Hueleza kitu hicho kimewekwa karibu na nini.

Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alitukumbusha kuwa katika matumizi ya zamani shairi lilikuwa bahari moja tu miongoni mwa nyingi, pamoja na utenzi, wimbo na nyinginezo; utungo ndilo lililokuwa neno la jumla. Kwa hiyo hata waliodai kulilinda neno shairi walikuwa wamelirithi likiwa limekwisha kupanuka.

Kwa watafsiri, walimu na watumishi wa ofisi tunapendekeza haya. Utungo liwe jina la jumla. Shairi la arudhi liwe lile lifuatalo vina na mizani. Shairi huru, kwa kuwa limekwisha kuzoewa, libaki. Lakini lifasiliwe kwa vilivyomo, yaani mapigo, mgawanyo wa mistari, takriri na picha. Guni libaki kwa kasoro ya shairi lililokusudia arudhi likateleza, wala lisitumiwe kwa utungo ambao haukuikusudia. Kisasa liachiwe wanahistoria, nao waandike mwaka. Hapo mwalimu atakapolisahihisha shairi huru la mwanafunzi wake, ataulizwa kama mapigo yake yanashika na picha zake zinaonekana. Hilo ni swali gumu kuliko kuhesabu mizani, na ndilo lililopasa kuulizwa juu ya Kichomi tangu mwaka 1974.