Maana ya Changarawe katika Njia za Masisi na Walikale

Kwa wahandisi, neno changarawe lina mipaka iliyo bayana: punje isiyofika milimita 2 ni mchanga, jiwe lipitalo milimita 63 lahesabiwa katika mawe makubwa, na yaliyo baina ya hayo ndiyo changarawe, yawe yamesuguliwa na mto au yamechimbwa mlimani, ilhali kokoto, ambazo wengi huzichanganya nazo, aghalabu ni mawe yaliyopondwa kwa ajili ya zege.

Siku hizi neno hili limetwikwa kazi ya pili. Tangu mbio zilizoanzishwa Emporia, jimboni Kansas nchini Marekani, mwaka 2006, hata mashindano ya kwanza ya dunia yaliyofanyika Veneto, Italia, mwaka 2022, wapanda baiskeli wameunda mchezo mzima wa njia zisizo na lami, wakauita kwa jina la jiwe lenyewe. Nasi twasema baiskeli ya changarawe, yaani ile yenye usukani uliopinda chini, breki za diski, na tairi pana za kadiri ya milimita 35 hadi 50 zijazwazo upepo kidogo ili zisirukeruke. Kenya iliupokea mchezo huo kwa mbio za Maasai Mara mwaka 2021, na Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Amani, alifariki katika mbio za namna hiyo huko Vermont, Marekani, Agosti 2022.

Sasa, mtu akichora safari ianzayo Sake, mashariki mwa Kongo, karibu na Ziwa Kivu lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ipande malisho ya ng'ombe ya Masisi, kisha iteremke hata misitu ya Walikale ambako maji huelekea mto Lowa na hatimaye Lualaba, je, aiite njia ya changarawe? Mimi naona asiiite hivyo bila sharti. Barabara ya changarawe ni kitu kilichotengenezwa: tabaka la mawe lililoshindiliwa, lenye udongo mfinyanzi wa kadiri ya kuyashikamanisha, mgongo ulioinuka katikati ili mvua itiririke pembeni, na mifereji ya kuipokea. Udongo ukipungua, mawe hutawanyika chini ya magurudumu na uso ukajikunja makunyanzi; ukizidi, mvua hugeuza njia kuwa tope. Zama za Wabelgiji kazi ya kuitunza barabara ilikuwa ya makantonye, yaani vibarua wa barabara; zama za Mobutu watu wakaitwa kwenye salongo, kazi ya umma ya lazima. Na pale matunzo yalipokoma, jina la changarawe lilibaki katika ramani baada ya mawe yenyewe kuondoka. Watanzania katika kuzipambanua njia wametutangulia, kwani ofisi zao za barabara hutenga udongo, changarawe na lami, kila moja na daraja lake.

Ama chombo cha kupitia njia hizo, Kivu ina chake kisichohitaji istilahi ya kuazima, nacho ni chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili lililovikwa vipande vya tairi kuukuu, ambalo tangu miaka ya 1970 huteremsha makaa, viazi na kabichi kutoka milimani, dereva akipiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Goma imelisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, heshima ambayo baiskeli ya mashindano, kwa ghali yake yote, haijaipata mjini humo.

Safari niliyoitaja leo ni ya kalamu tu, maana Januari 2025 waasi wa M23 waliitwaa Masisi Kati na kisha Goma, na Machi wakaingia Walikale kabla ya kuondoka. Hata hivyo atakayeichora amani ikirejea asiipake rangi moja toka mwanzo hata mwisho: palipo na mawe yaliyoshindiliwa aandike changarawe, na pasipo aandike udongo, akiongeza kando yake miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba.